Lodi wa Malaz

Sifa njema zote ni za Mola aliyemfunza binadamu kusema, akazitofautisha ndimi zetu na rangi zetu ili tujuane, kisha akatujaalia sisi wakalimani kula riziki katika tofauti hiyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyechunga kondoo kabla hajachunga umma, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Siku mliyoniaga, vijana wa ofisi, kwa sinia la wali na saa ya ukutani, mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Saa naishukuru, ingawa mtu aliyestaafu ndiye asiyeihitaji. Sitawaeleza nilipandaje wala nililipwa nini, maana hayo hayamfunzi mtu ila husuda. Nitawaeleza habari za mwalimu wangu, vyombo tulivyofanyia kazi, na kesi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka hunikausha mate.

Niliingia Riyadh katika ile miaka ambayo wenyeji huiita tafra, mafuta yalipopanda bei na mji mzima ukawa shimo la msingi. Ukitoka nyumbani asubuhi, jioni hukuti njia uliyopita. Mimi ni mtoto wa Unguja. Tulihama na mama mwaka wa sitini na nne, tukapokewa na jamaa Jeddah, na huko nikasoma Kiarabu msikitini juu ya Kiingereza nilichokuja nacho kutoka skuli. Kampuni zilikuwa zikimiminika kutoka kila upande wa dunia, na kila moja ilikuwa na jambo la kumwambia mtu asiyeielewa. Mwenye ndimi tatu hakukaa bila kazi.

Ofisi ilikuwa Sulimaniyah, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Kafili wetu, mwenyeji aliyetudhamini kisheria, alikuwa mtu mpole aliyekuja mara moja kwa wiki kutia saini na kuuliza kama chai ipo. Kazi yenyewe iliendeshwa na Maalim Mbarak, mtu wa Pemba, mrefu, mkavu, asiyecheka ila kwa macho. Siku yangu ya kwanza hakunipa karatasi wala kalamu. Alinikalisha kati ya mkandarasi na fundi wake wa Kihindi, waliokuwa wakigombania ukuta uliopinda, nikawa napeleka maneno huku na huku mpaka walipoondoka. Ndipo Maalim akaniuliza nani alikuwa na haki. Nikamjibu kwamba fundi.

"Basi hukuwa mkalimani," akasema. "Ulikuwa kadhi. Kesho uje ukiwa mkalimani."

Kanuni yake ilikuwa moja. Mkalimani ni mfereji, na mfereji hauongezi maji, hauyapunguzi, wala hauyatii sukari.

Vyombo vyetu vilikuwa mashine mbili za chapa, ya Kiarabu iliyotoka kulia kwenda kushoto na ya Kiingereza iliyokwenda kinyume chake. Zilikaa meza moja zimepeana mgongo kama wake wenza. Vumbi la Riyadh lilijaa ndani ya herufi, na Maalim alizisafisha kila asubuhi kwa mswaki wake wa zamani. Karatasi za kaboni zilituachia vidole vyeusi hata msikitini watu wakatudhani makanika. Ninyi wa kompyuta hamjui raha ya kukosea neno la mwisho la ukurasa na kuanza upya. Inafundisha subira kuliko hotuba nyingi.

Mwenzangu mezani alikuwa Haroun, kijana wa Mombasa, mcheshi, mwenye huruma nyingi kuliko kazi yetu inavyohimili. Siku moja aliitwa Sulay, kwenye maghala, kati ya dereva na kafili wake. Kafili alisema shehena ile ikimalizika, halas, hataki kumwona tena yule mtu. Haroun akamhurumia dereva, akatafsiri kwamba bosi amekasirika lakini yatapita. Dereva akarudi kwenye lori lake amefarijika. Shehena ilipokwisha alifukuzwa na ikama yake, kibali cha ukaazi, ikafutwa, na hakuwa ametafuta pa kwenda kwa sababu hakujua kama anatakiwa kutafuta. Haroun alilia ofisini. Maalim hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba amemnyima mwenzake nafasi ya kujitayarisha, kisha akampa kazi nyingine. Jambo hilo lilinikaa mimi zaidi kuliko Haroun, na mtaona kwa nini.

Nilikuwa nimekomaa kidogo kazini alipokuja Bi Zuwena. Alikuwa mjane wa kwetu Unguja, akikaa mtaa wa Malaz na mama yake na mtoto wake mdogo, Ibrahim, akishona nguo za harusi. Marehemu mumewe alikuwa mhandisi wa Kiskoti aliyekuja na moja ya kampuni za barabara. Aliitwa Alasdair, akasilimu akaitwa Yusuf, akamwoa Zuwena kwa ami yake Jeddah, na hakuishi naye miaka mingi. Gari lake lilipinduka njiani akirudi kazini. Mola amrehemu.

Pamoja na Bi Zuwena aliingia mzee wa Kizungu aliyevaa suti nzito katika joto lile, Bwana Rennie, wakili kutoka Edinburgh. Ndiye aliyetueleza jambo ambalo mke mwenyewe hakuwa amelielewa vizuri mumewe alipomgusia. Alasdair alikuwa mtoto wa pekee wa Lodi wa Glenvarroch. Lodi ni cheo cha ubwana kinachorithiwa. Sasa baba huyo naye amefariki, na cheo kinatafuta mwenyewe.

Nilimtafsiria Bi Zuwena historia yote kama wakili alivyoieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao. Bwana wa kwanza alipewa cheo na mfalme kwa kulinda njia ya mlimani. Mjukuu wake akakipoteza kwa kumfuata mfalme asiyeshinda, na mtoto wa mjukuu akakirudisha kwa kuomba sana. Tangu hapo kimeshuka kutoka baba kwenda kwa mwana mkubwa. Mara moja tu kilipita kwa mwanamke, Bibi Marsali, kwa sababu kaka zake wote walikufa vitani, na hati ya cheo kile inaruhusu binti kushika pale wana wanapokwisha. Kwa desturi yao mkubwa huchukua yote, na wadogo hupewa pole. Haroun, aliyekuwa akisikiliza huku anajifanya anachapa, alininong'oneza kwamba kwao hata kitanda cha marehemu kina warithi sita.

Bi Zuwena aliuliza swali moja la dini, tena alimwuliza Maalim, si wakili. Je, mwanawe Mwislamu anaweza kumrithi babu asiyekuwa Mwislamu? Maalim akamjibu kwamba mali ya babu huyo haimhusu, na kwa bahati njema mali yenyewe hakuna. Ardhi ilikuwa imeuzwa zamani, umebaki mnara usio na paa ambamo kondoo hujikinga mvua. Lakini nasaba si mali, akasema, na dini yetu imetuamrisha tuwaite watu kwa baba zao.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Cheo kile hakishikwi ila na mtoto wa ndoa halali. Ndoa ya Kiislamu iliyo halali pale ilipofungwa, Waskoti wanaikubali. Bi Zuwena alikuwa na hati yake, iliyoandikwa na sheikh aliyefungisha. Lakini hati ilisema bwana harusi ni Yusuf bin Abdullah.

Ninyi mnaijua desturi hii. Mtu akisilimu, wengi wetu huandika baba yake Abdullah, mja wa Mungu, kwa nia njema, kwa sababu jina la Kizungu halikai vizuri katika mistari ya Kiarabu na kwa sababu kila mtu ni mwana wa mja wa Mungu. Yule sheikh alifanya hivyo. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikafuata hati ya ndoa. Kampuni ilimwandika Alasdair mseja, kwa sababu alipoajiriwa alikuwa mseja na hakwenda kubadilisha. Basi huko Uskoti binamu wa marehemu aliyekuwa akikitaka cheo akasema, na kwa hesabu za karatasi alisema kweli, kwamba akina Yusuf bin Abdullah wamejaa Arabuni, na hakuna kinachoonyesha kwamba huyu wa kwenye hati ndiye Alasdair. Picha mbili tatu za Alasdair na Zuwena hazikuwa ushahidi, maana picha haionyeshi ndoa. Binamu akaongeza kwamba mwanamke huyo alikuwa mtumishi wa nyumba.

Nililazimika kulitafsiri neno hilo mbele yake. Bi Zuwena alikunja mikono yake juu ya meza.

"Kaka Suleiman," aliniambia, "huo ulodi wao wachukue. Mimi nataka waseme niliolewa. Mwanangu asije akaambiwa mtoto wa mtumishi asiye na baba."

Wakili aliuliza kuhusu mashahidi. Sheikh alikuwa amekufa. Shahidi mmoja alikuwa amekufa naye. Wa pili alirudi Hadharamaut na hakuna aliyejua kijiji chake. Aliyebaki hai alikuwa walii, aliyesimama mahali pa baba yake kumwoza, ami yake Zuwena, Sheikh Nassor wa Jeddah. Na hapo Bi Zuwena akatueleza kwamba ami yake alikuwa hasemi naye tangu mwaka wa ndoa, na kila barazani alisema hakumwoza mtu yeyote.

Sheikh Nassor nilimjua, sisi wa Jeddah tulimjua sote. Alikuwa na nasaba za nusu ya Unguja kichwani mwake. Mtu akitaka kuposa alimwendea yeye kwanza kuuliza kama ukoo unafaa, na mzee angetaja baba kwa baba mpaka mtu akasinzia. Kwa watu waliopoteza nyumba na mashamba katika siku chache, nasaba ilikuwa ndiyo samani pekee waliyoweza kuibeba, na yeye ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Bwana Rennie alisema atakwenda kwake, ataandika ushahidi wa kiapo, na chochote mzee atakachosema ndicho kitakachopelekwa kwenye ile mahakama yao ya nasaba na ngao za koo. Maalim akanichagua mimi niende. Bi Zuwena naye alisafiri, pamoja na ndugu yake wa mama mmoja, ambaye kwa sheria ni maharimu wa safari lakini si walii wa ndoa, tena wakati wa ndoa alikuwa Kuwait. Mtoto alibaki Malaz kwa bibi yake.

Tulipokuwa tukingoja ndege, Bi Zuwena alinijia. Alisema anamjua ami yake. Akikasirika ulimi wake unakata, na mgeni yule ni mtu wa heshima, akitukanwa ataondoka. Aliniomba nimpunguzie makali. Hakutaka niseme uongo, nipunguze tu.

Nilimwambia, "Siwezi, dada yangu."

"Hata kwa ajili ya mtoto?"

Nilimwambia kwamba nikipunguza neno moja, yote nitakayosema baadaye hayatakuwa na thamani. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa, akarudi kukaa. Hakuzungumza nami tena mpaka Jeddah, na mimi sikumlaumu. Ndani ya ndege nilijaribu kusoma nyiradi zangu nikawa narudia mstari mmoja.

Nyumba ya Sheikh Nassor ilikuwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ghorofa ya tatu, yenye dirisha la mbao lililotokeza juu ya uchochoro. Tulifika baada ya sala ya alasiri. Bi Zuwena alikwenda upande wa pili wa pazia, kwa mkewe mzee, Bi Salma. Sisi tulikaa barazani. Mzee alitukaribisha kwa adabu zote, tende na kahawa, akauliza safari na afya zetu. Kwa Bi Zuwena aliyepita mlangoni mwake hakuuliza lolote. Kiingereza alikuwa hajui, au hakutaka kujua. Alizungumza Kiswahili.

Wakili aliweka karatasi magotini. Aliuliza kwanza kama mzee alimjua mtu aliyeitwa Yusuf bin Abdullah.

Mzee alisema anamjua, na kwamba sote ni wana wa Abdullah, hata mgeni huyu akitaka. Nikatafsiri. Bwana Rennie aliandika bila kutabasamu.

Kisha likaja swali lenyewe. Je, yeye Nassor, akiwa walii, alimwoza Zuwena binti ndugu yake kwa mtu huyo?

"Mwambie mgeni wako," mzee akasema, akisogeza kikombe chake, "kwamba siku ile nilikwenda kunywa kahawa. Nikanywa, nikaondoka."

Nilitafsiri. Kalamu ikatembea. Nyuma ya pazia nilisikia kikombe kikiwekwa chini, taratibu mno.

Bwana Rennie aliuliza tena kwa njia nyingine, akapata jibu lile lile. Basi akafunga kalamu yake. Hakukasirika. Aliniomba nimweleze mzee, kwa haki, nini kitafuata, ili asije akasema hakujua. Ataandika kwamba ndoa haikuthibitika. Mama ataandikwa kama binamu alivyodai, mtumishi wa nyumba, na mtoto ataandikwa wa nje ya ndoa. Nikayasema hayo kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikiyasikia yakipita pazia kabla hayajamfikia mzee.

"Mtumishi?" mzee akauliza. "Mtoto wa Humud? Mtoto wa ndugu yangu?"

Nikamjibu kwamba ndivyo itakavyoandikwa.

Mzee akamgeukia wakili, ingawa maneno aliniambia mimi. "Mwambie, wala usinipambie. Mwambie sisi hatuna mabinti watumishi. Kama kuna aliyeteremka daraja siku ile, si yeye. Wao wana nini? Nasaba yao imepita kwa mwanamke, na huyo mwanamke mwenyewe kaolewa na mchunga kondoo wa baba yake, asiyejua hata kuandika jina lake. Watu wa zizini hao. Ndio waje wamwite mtumishi mtoto wa Humud? Mwambie."

Kutoka nyuma ya pazia Bi Zuwena akasema, "Kaka Suleiman."

Nilijua ananiomba nini. Mbele yangu alikaa mtu aliyetoka mbali, aliyeitumikia nyumba ya Glenvarroch tangu ujana wake, na kalamu ya hatima ya mtoto imo mfukoni mwake. Nami natakiwa nimwambie kwamba mabwana zake ni watu wa zizini. Maneno laini yalikuwa tayari ulimini. Ningeweza kusema mzee anaona ukoo wake nao una heshima, na kila aliyekuwa chumbani angenishukuru. Nikamkumbuka dereva wa Sulay, amefarijika ndani ya lori lake. Nikamtaja Mungu moyoni, nikasema yote. Nilitaja mwanamke, mchunga kondoo, asiyejua kuandika, na zizi.

Nilipomaliza sikumtazama Bwana Rennie. Niliangalia viatu vyake mlangoni.

Kisha nikaona anavua miwani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, wala haikuwa ya mtu aliyetukanwa. Alisema kwamba katika vitabu vyote vya mabwana wa Uskoti mume wa Bibi Marsali ameandikwa kuwa muungwana mwenye ardhi. Kwamba alikuwa mchunga kondoo ni jambo ambalo nyumba ile haikuliandika kokote. Baba humwambia mwanawe mrithi anapofikia utu uzima, basi. Yeye mwenyewe analijua kwa sababu Lodi aliyekufa alimwamini. Hata binamu anayedai cheo halijui.

"Muulize," akaniambia, "amelisikia wapi."

Nikamuuliza. Sheikh Nassor akakiweka kikombe chake chini. Aliona ulimi wake mwenyewe ulipomfikisha. Uchochoroni watoto walikuwa wakicheza mpira, wakipiga kelele za goli.

"Kwake mwenyewe," mzee akasema mwishowe.

"Lini?"

"Siku ile. Alikaa hapo alipokaa mgeni wako. Nilimtaka nasaba yake, akaitaja baba kwa baba, mpaka akafika kwa huyo mwanamke na mchunga wake. Hakuficha. Nilimwambia, kijana, hilo ungeweza kuliruka. Akasema amesilimu majuzi, hataki kuanza na uongo."

Nikatafsiri. Bwana Rennie akafungua tena kalamu. Alisema sasa hana shaka aliyekaa pale ni nani, jina lolote aliloandikiwa. Limebaki moja. Mzee aape, kwa dini yake, ama kwamba alimwoza binti yule ama kwamba alikunywa kahawa tu. Lolote atakaloapia ataliandika.

Sheikh Nassor aliinuka, akatoka. Tulisikia maji. Sijawahi kungoja udhu wa mtu kwa moyo ule. Alirudi ndevu zinadondoka, akakaa, akaiweka mikono yake mibichi juu ya magoti.

"Kahawa siiapii," alisema. "Nilimwoza. Nilimshika mkono, nikamwambia nimekuoza Zuwena binti wa ndugu yangu, naye akasema nimekubali. Nilikuwa nikisitasita kwa ajili ya yule mchunga, sheikh akaniambia, Nassor, Mitume wote walichunga kondoo, wewe unamkataa nani? Nikanyamaza, nikamtoa. Halafu barazani hapa wakaanza kuniita mkwe wa mchunga. Niliwaonea haya watu. Nikasahau nani wa kuonewa haya."

Akaapa. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba jina la Abdullah lilikuwa la sheikh, kwa kuwa jina la baba mtu lilimshinda kuandika, na kwamba bwana harusi alicheka akasema ni jina zuri.

Nyuma ya pazia Bi Salma, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuingie, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile ulioza, leo ndiyo umekunywa kahawa, bwana."

Bi Zuwena akatoka, amejitanda vizuri. Mzee hakuweza kumtazama. Alisema, "Nisamehe, mwanangu," akiliambia busati. Bi Zuwena alichukua dele la kahawa, akammiminia ami yake kikombe, akakishika mpaka mzee alipokipokea. Bwana Rennie alinitazama kama anayengoja tafsiri. Nilimwambia hapakuwa na maneno.

Niliporudi Riyadh, Maalim Mbarak alikuwa akisafisha herufi kwa mswaki wake. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilipunguza. Nikamwambia sikupunguza. Akasema, "Kaa, kuna mkataba wa saruji unakungoja." Lakini tangu siku hiyo, aliyesilimu akija kwetu kutafsiriwa karatasi zake, Maalim alimwuliza jina la baba yake mzazi, akaliandika hata kama lilikuwa refu kama treni. Desturi hiyo mnaifuata hadi leo, na baadhi yenu mlidhani ni ukaidi wa wazee.

Uamuzi ulichukua muda, kama kila kitu cha watu wenye mahakama za zamani. Wakili alipiga simu ofisini, mimi nikaipokea, na nilipomtafsiria Bi Zuwena, alichouliza kilikuwa kama neno "mtumishi" limefutwa. Limefutwa, nikamwambia. Ameandikwa mke wa ndoa. Ndipo aliponiomba radhi kwa kutozungumza nami siku ile ya ndege, nami nikamwambia ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Ibrahim akawa Lodi wa Glenvarroch, akiwa darasa la pili Malaz. Haroun alisimama kila mtoto yule alipoingia ofisini, akamwinamia, akamwuliza bwana mkubwa atakunywa sharubati ya rangi gani. Mtoto alisema nyekundu, siku zote.

Maalim alikwisha tangulia mbele ya haki, na Haroun pia. Ibrahim siku hizi ni mhandisi kama baba yake, na nasikia mnara ameutia paa, kondoo wamehama.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la Sheikh Nassor. Miaka yake ya mwisho alikuja Riyadh kila alipopata mtu wa kumleta, akakaa Malaz kwa Zuwena. Nilikwenda kumsalimia alasiri moja, nikamkuta na wageni watatu wa Jeddah, na mtoto amemkalisha ubavuni. Wageni walikuwa wakiulizana habari za koo. Mzee akamshika bega mjukuu wa ndugu yake akaanza, Ibrahim, mwana wa Alasdair, na kwetu Yusuf, mwana wa fulani, mwana wa fulani, majina ya Kiskoti yakitoka katika kinywa cha Unguja kama kwamba yameota mikarafuuni. Hakuruka hata moja. Alipofika kwa Bibi Marsali alipandisha sauti kidogo ili wa mlangoni naye asikie.

"Mke wa mchunga kondoo," akasema, akawatazama wageni mmoja mmoja. "Nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa nalo.

Namwomba Mola awarehemu wote niliowataja, na akujaalie wewe unayesoma ulimi usioongeza wala kupunguza, uso usiowaonea watu haya kuliko Mola wake, na watoto watakaokutaja kwa jina lako bila kuruka kitu. Amina.